Dakika 23 za Brussels: Bendi ya Panki Isiyo na Gitaa Mbele ya Hadhira Iliyoikataa

Usiku wa tarehe 16 Juni 1978, katika ukumbi wa Ancienne Belgique jijini Brussels, wanaume wawili kutoka New York walipanda jukwaani kutumbuiza kabla ya mwimbaji Mwingereza Elvis Costello na bendi yake, Attractions. Martin Rev alisimama nyuma ya kinanda cha umeme, na Alan Vega akashika kipaza sauti. Hapakuwa na mpiga ngoma, hapakuwa na besi, wala gitaa halikuonekana popote. Bendi yao iliitwa Suicide. Watu walianza kuzomea mapema, na kadiri nyimbo zilivyoendelea zomea hiyo ilizidi kukua, ikachanganyika na sauti za watu waliolitaja jina la Elvis kwa pamoja, hadi mtu mmoja akafaulu kukinyakua kipaza sauti mikononi mwa mwimbaji. Baada ya dakika 23 hivi, onyesho lao lilikuwa limekwisha. Costello alikasirishwa na jinsi wenzake walivyotendewa, akapiga nyimbo chache kwa hasira na kuondoka, na hadhira iliyoona imenyimwa haki yake ikafanya ghasia ambazo polisi walizizima kwa mabomu ya machozi.

Ghasia katika kumbi za muziki wa roki si jambo geni, na nyingi zimebaki kuwa hadithi zinazoongezwa chumvi kila zinaposimuliwa. Usiku huu una ushahidi wake. Howard Thompson, aliyekuwa mtumishi wa kampuni ya Bronze iliyoitoa albamu ya Suicide nchini Uingereza, alirekodi onyesho lote kwa kinasa sauti cha kaseti. Kanda hiyo ina ubora duni, na udhaifu huo ndio unaoifanya kuwa ya thamani, kwa kuwa hadhira inasikika karibu sawa na wanamuziki wenyewe. Mara chache mno historia ya muziki imetupa nafasi ya kuusikia umma ukiikataa sanaa mpya dakika kwa dakika, kabla ya mtu yeyote kupata muda wa kubadili maoni yake au kudai kwamba yeye aliipenda tangu mwanzo.

Swali linalohitaji kujibiwa ni kwa nini bendi hii ilikataliwa kwa ukali kiasi hicho. Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba watu walitaka gitaa wakapewa mashine. Nadhani jibu hilo liko karibu na ukweli, lakini limeishia njiani, na mtu akilichunguza kwa makini ataona kwamba gitaa lenyewe halikuwa kiini cha ugomvi.

Kwanza ni lazima tujue ni nani waliokuwa jukwaani. Suicide haikuwa kundi la vijana waliokurupuka kufuata wimbi la mwaka 1977 la panki, ule muziki wa roki wa kasi na wa uasi. Ilianzishwa mwaka 1970, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 matangazo ya maonyesho yake yalikuwa yakitumia neno la panki, wakati ambapo bendi za London zilizokuja kulifanya neno hilo kuwa maarufu zilikuwa hazijazaliwa. Vega alizaliwa Brooklyn tarehe 23 Juni 1938, kwa hiyo usiku ule alikuwa amebakiza wiki moja kutimiza miaka 40, ilhali Costello, ambaye hadhira ilimwona kuwa sauti ya kizazi kipya, alikuwa na miaka 23. Vega alisomea sanaa katika Brooklyn College, ambako mchoraji Ad Reinhardt alikuwa miongoni mwa walimu wake, na alijulikana kwanza kwa sanamu alizoziunda kwa taa za rangi na mabaki ya vifaa vya umeme. Mwaka 1969 alimwona mwimbaji wa roki Iggy Pop akiwa na bendi yake, Stooges, akaamua kwamba kazi yake ya sanaa ni lazima ihamie jukwaani, mahali ambapo msanii hana fremu ya kujifichia. Rev, aliyezaliwa mwaka 1947, alitoka upande mwingine kabisa, katika jazi huru, ile isiyofungwa na kanuni za kawaida za jazi, na alikuwa mpiga kinanda aliyefunzwa vizuri ambaye kwa hiari yake aliamua kupiga noti chache sana.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba bendi hiyo ilipoanza ilikuwa na mpiga gitaa. Alipoondoka, hawakumtafuta mwingine. Kutokuwa na gitaa kulianza kama pengo, kisha kukawa msimamo, na baadaye mashine ya ngoma ilipoingia, msimamo huo ulikamilika: wanamuziki wawili walibeba kila kitu kilichokuwa kikifanywa na watu wanne au watano.

Vifaa vyao vinahitaji kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ndivyo vinavyoeleza kilichotokea Brussels. Kinanda cha Rev katika miaka hiyo kilikuwa ogani ya Farfisa iliyochakaa, ya aina iliyotengenezwa Italia na kupendwa na bendi za vijana katika miaka ya 1960 kwa kuwa ilibebeka kwa urahisi. Rev aliipitisha katika visanduku vya kubadilisha sauti, vya aina ambayo wapiga gitaa huikanyaga kwa mguu, hadi utamu wote wa ogani ukapotea na kubaki mngurumo mzito, wenye mikwaruzo, unaojirudia bila kuchoka. Anayependa usahihi atambue kwamba kwa maana kali hii haikuwa bado sinthesaiza, yaani chombo cha umeme kinachomwezesha mpigaji kuunda sauti mpya. Sinthesaiza zilichukua mahali pa ogani hiyo baadaye. Hata hivyo kazi iliyofanyika ilikuwa ileile ambayo sinthesaiza ilikuja kuifanya katika bendi nyingi za panki zilizofuata, yaani kutoa sauti isiyoiga chombo chochote cha asili, huku ikijaza nafasi ya gitaa na ya besi kwa wakati mmoja.

Mdundo ulitoka katika Seeburg Rhythm Prince. Seeburg ilikuwa kampuni ya Chicago iliyojulikana zaidi kwa mashine za kupiga santuri baani kwa sarafu. Visanduku vyake vya mdundo vilikusudiwa kumsindikiza mtu anayepiga ogani sebuleni kwake: unabonyeza kitufe cha mtindo wa dansi unaoutaka, nacho kinapiga mdundo huo mpaka ukizime. Mpigaji hawezi kuongeza nguvu pale wimbo unapofikia kilele, wala kupunguza pale mwimbaji anapotaka kunong'ona. Rev alichukua chombo hiki cha starehe ya nyumbani, akakiunganisha na spika kubwa, na kugonga kwake kwa adabu kukageuka kuwa mapigo baridi yasiyosikiliza mtu. Juu ya mapigo hayo Vega aliimba kwa namna iliyowakumbusha wasikilizaji waimbaji wa rokenroli wa miaka ya 1950, akihema, akiguna na kupiga mayowe. Ninaamini kwamba hapa ndipo penye ugunduzi mkubwa wa Suicide, kwa kuwa kadiri mashine ilivyokuwa haina hisia, ndivyo sauti ya binadamu aliye peke yake ilivyozidi kuwa tupu na ya hatari.

Albamu yao ya kwanza, iliyopewa jina la bendi yenyewe, ilitolewa mwishoni mwa mwaka 1977 na Red Star, kampuni ndogo ya Marty Thau, ambaye awali alikuwa meneja wa bendi ya roki ya New York Dolls. Thau aliitayarisha pamoja na Craig Leon, mtu aliyekuwa ametayarisha pia albamu ya kwanza ya Ramones, bendi ya panki ya New York, ya mwaka 1976. Yaani masikio yaleyale yaliyoshughulikia gitaa maarufu kuliko yote katika panki ya Marekani ndiyo yaliyoshughulikia ogani ya Rev, na hayakuona kwamba yamevuka mpaka wowote. Albamu hiyo ina nyimbo saba tu, na mmoja wao, unaozidi dakika kumi, unamhusu Frankie, kijana mfanyakazi wa kiwandani anayeshindwa kulisha familia yake, akawaua mke na mtoto wake kisha akajiua mwenyewe. Hiyo ndiyo mizigo ambayo Rev na Vega waliipeleka Ulaya.

Sasa turudi ukumbini na kuyapima maelezo yanayowezekana.

Maelezo mepesi kuliko yote ni kwamba watu walikuwa wamelipa kumwona Costello, na bendi yoyote ya kufungulia ingechosha subira yao. Kuna ukweli ndani yake, kwani jina la Elvis linasikika likiitwa katika kanda. Lakini bendi za kufungulia huchosha kila wiki katika kila jiji, na hadhira hujibu kwa kwenda kununua bia, kupiga soga au kupiga makofi mafupi ya adabu. Kuchoka hakumfanyi mtu apambane na mwimbaji ili ampokonye kipaza sauti. Hasira ya kiwango hicho huhitaji mtu ajione ametukanwa.

Maelezo ya pili ndiyo yale ya gitaa, na hapa ukweli wa mambo unayapinga waziwazi. Costello mwenyewe alikuja na mpiga kinanda, Steve Nieve, ambaye ogani yake ndiyo iliyokuwa ikiutambulisha muziki wa Attractions, pengine kuliko gitaa la Costello. Watu walewale waliozomea ogani ya Rev walikuwa wamekuja kusikiliza ogani ya Nieve. Wala Brussels haikuwa kijiji kisichojua sauti za mashine. Kraftwerk, kundi la muziki wa mashine kutoka Düsseldorf, Ujerumani, ambako si mbali na hapo, walikuwa wamejulikana Ulaya nzima tangu albamu yao ya mwaka 1974. Mwaka mmoja kabla ya usiku huo, wimbo wa Donna Summer uliotengenezwa Munich karibu wote kwa sinthesaiza ulikuwa umeshika nafasi ya kwanza nchini Uingereza na kuchezwa katika kila disko. Zaidi ya hayo, katika mwaka uleule wa 1978, Brussels yenyewe ilizaa Telex, kundi la watu watatu waliokuja kupendwa sana kwa muziki wa mashine. Masikio ya hadhira hiyo, basi, yalikuwa yameshazoea vifaa vya umeme kwa miaka kadhaa.

Maelezo ya tatu yanamhusu Vega. Huko New York alikuwa akipanda jukwaani na mnyororo wa pikipiki, akiwasogelea watazamaji hadi wakaogopa, na wakati mwingine akiwazuia kutoka. Aliamini kwamba watu huja katika maonyesho ili kuyakimbia maisha ya mtaani, naye akakusudia kuwarudisha palepale mtaani. Mtu anaweza kusema kwamba alivuna alichopanda. Sikatai kwamba alichangia, kwa kuwa katika kanda anasikika akiwajibu waliokuwa wakimzomea, na wimbo wa Frankie ulipofika aliwaamuru wanyamaze, kwa matusi, kwa sababu wimbo huo ulikuwa habari ya Frankie. Lakini hadhira ya panki ya mwaka 1978 ilikuwa imezoea kutukanwa na waimbaji, na mara nyingi ililipia tiketi kwa ajili hiyo. Matusi ya mwimbaji mwenye bendi ya kawaida nyuma yake yalihesabiwa kuwa sehemu ya burudani.

Kinachobaki, kwa maoni yangu, ni uhusiano kati ya hadhira na mapigo. Katika bendi ya kawaida, umati una mamlaka ambayo hautambui kuwa nayo. Ukishangilia, mpiga ngoma huongeza nguvu. Ukipoa, huwageukia wenzake na kubadili kitu. Ukikasirika, huanza kukosea. Watu wanne walio jukwaani wanasikia, wanatoka jasho, wanaogopa, na hofu au furaha yao inarudi kwa umati kupitia muziki. Hata zomea hupata jibu. Usiku ule wa Brussels, watu wa karibu ukumbi mzima walipiga kelele na mapigo hayakubadilika hata kidogo. Kisanduku kile kiliendelea kama vile ukumbi ulikuwa mtupu. Rev, ambaye kwa tabia yake alisimama bila kuonyesha hisia na kurudia vifungu vilevile vifupi, alikuwa kama sehemu ya kisanduku hicho. Umati uligundua kwamba sauti yake haina uzito, na hiyo, naamini, ndiyo iliyokuwa tusi.

Tukilitazama jambo hilo hivyo, tendo la kunyakua kipaza sauti linaeleweka vizuri zaidi. Mashine isingeweza kutishwa, na mpiga kinanda hakuonekana kutishika. Mtu pekee aliyeweza kufikiwa, kwa maana ya mwili na kwa maana ya hisia, alikuwa Vega, na chombo pekee jukwaani kilichomtegemea binadamu moja kwa moja kilikuwa kile alichokishika mkononi. Umati ulikwenda mahali ambapo ungeweza kuacha alama.

Hoja hii inaweza kujaribiwa kwa kuitazama bendi nyingine ya panki ya wakati uleule ambayo nayo haikuwa na gitaa. Huko Los Angeles, Screamers walianza kutumbuiza mwaka 1977 wakiwa na mwimbaji Tomata du Plenty, wapiga vinanda wawili na mpiga ngoma. Tommy Gear alipiga sinthesaiza ya ARP Odyssey. David Brown, na baada yake Paul Roessler, walipiga piano ya umeme ya Fender Rhodes iliyokwaruzwa sauti mpaka ikakaribia kuwa silaha. Bendi hii ilikuwa miongoni mwa zilizopendwa kuliko zote katika jiji lake, ikajaza kumbi kama Whisky a Go Go bila kutoa santuri hata moja rasmi katika uhai wake wote. Wapenzi wa panki wa Los Angeles hawakuona kwamba wamenyimwa kitu. Tofauti iliyo wazi ni kwamba nyuma ya vinanda vile alikaa K.K. Barrett, mtu wa nyama na damu, akipiga ngoma kwa mikono yake na kuusikiliza ukumbi.

Sitaki kuupa ulinganisho huu uzito usioustahili. Screamers walipiga mbele ya watu wao, waliokuja kwa ajili yao, katika mji ambao wasanii na watazamaji walifahamiana kwa majina, ilhali Suicide walikuwa wageni mbele ya mashabiki wa mtu mwingine. Lakini miongoni mwa ushahidi tulio nao hakuna ulio karibu zaidi na jaribio la haki, na unaelekeza upande uleule: panki iliweza kuishi bila gitaa kwa urahisi kuliko ilivyoweza kuishi bila mpiga ngoma.

Yaliyofuata yaliimarisha hoja hiyo. Mtu angedhani kwamba mashabiki wa Costello walikuwa wapole mno kwa muziki wa aina hii na kwamba panki halisi wangeuelewa. Wiki chache baadaye, Suicide walizunguka Uingereza wakiwafungulia The Clash, bendi ambayo mashabiki wake walijiona kuwa kitovu cha panki duniani, na mapokezi yakawa mabaya zaidi. Walirushiwa vitu na kutemewa mate jukwaa baada ya jukwaa, na Vega alisimulia miaka mingi baadaye kwamba Glasgow shoka lilipita karibu na kichwa chake. Ninahuzunika kila ninapoisoma habari hiyo, kwa sababu vijana wale walikuwa wameambiwa kwamba panki ni ruhusa ya kuvunja kila kanuni ya muziki, na walipokutana na watu wawili walioitumia ruhusa hiyo kikamilifu, waliilinda kanuni ya gitaa mbili, besi na ngoma kwa bidii iliyowazidi hata wazazi wao. Costello, ambaye alikuwa na mengi ya kupoteza usiku ule wa Brussels, alisimama upande wa bendi aliyokuja nayo mbele ya wateja wake mwenyewe, na sifa hiyo inapaswa kuandikwa kwa jina lake.

Suicide hawakurudisha gitaa. Albamu yao ya pili, ya mwaka 1980, ilitayarishwa na Ric Ocasek wa bendi ya The Cars, naye Rev akapata vifaa bora zaidi. Sauti ikawa safi, laini na ya kung'aa, na kwa masikio yangu imepoteza sehemu ya ule ukali wa ogani mbovu iliyolazimishwa kufanya kazi isiyo yake. Lakini kufikia wakati huo mazingira yalikuwa yanabadilika upesi. Daniel Miller alikuwa ameanzisha kampuni ya santuri ya Mute mjini London mwaka 1978 kwa santuri aliyoirekodi mwenyewe akitumia sinthesaiza ya Korg, na katika miaka michache iliyofuata makundi mawili-mawili ya mwimbaji na mpiga mashine, kama vile Soft Cell, yalipanda chati za Uingereza bila mtu kuuliza mpiga ngoma yuko wapi. Upande wa pili wa bahari, mwanamuziki wa roki wa Marekani Bruce Springsteen, ambaye hakuna aliyeweza kumshuku kwamba anachukia gitaa, alisema wazi kwamba anaupenda muziki wa Suicide, na albamu yake ya mwaka 1982 aliyoirekodi nyumbani kwa vifaa vichache ina mayowe ya ghafla yanayotoka moja kwa moja kwa Vega.

Kanda ya Thompson ilizunguka kwanza mikononi mwa wachache, na albamu ya kwanza ilipotolewa upya mwaka 1998, dakika zile za Brussels ziliambatanishwa nayo. Anayekutana na muziki huu kwa mara ya kwanza namshauri aanze na albamu, aizoee mpaka mapigo yake yaache kumkera, kisha ndipo aifungue kanda. Akifanya kinyume chake atausikia umati peke yake, kwa kuwa kelele za watu hushika sikio upesi kuliko muziki. Akifuata utaratibu huo, ataweza kuufuatilia mkono wa Rev chini ya zomea yote, ukirudia kifungu kilekile bila kuharakisha, na ataweza kujiamulia mwenyewe kama hali hiyo ilikuwa ukaidi, woga au, kama ninavyoamini mimi, uhakika kamili wa mtu anayejua muziki wake unapokwenda.